Gari Lililong'olewa Sauti

Mtu akinyamaza sana, usikimbilie kumsifu kwa upole. Jiulize kwanza ananyamazia nini. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkubwa, na aliyeilipia maana hiyo kwa machozi ni muuguzi mmoja aliyekuwa akihudumia wagonjwa majumbani mwao.

Muuguzi huyo, ambaye kila mtu alimwita Sista, aliishi na baba yake katika nyumba iliyokuwa mahali uchochoro ulipopinda. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu hata hakuweza kutofautisha mtu na nguzo. Hata hivyo, kila alasiri alitoka peke yake, akasimama ukingoni mwa njia, akatega sikio. Kukiwa kimya, alivuka kwenda kupiga soga kwa jirani yake, fundi viatu. Safari ile fupi ndiyo iliyokuwa uhuru wake wote.

Miguu ya Sista ilipochoka kuzunguka na mkoba wa dawa, aliamua kununua gari dogo la umeme. Muuza magari alikuwa na mawili ya bei nafuu, akamwachia ayajaribu moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa jeupe. Viti vyake vilikuwa vigumu kama benchi la mahakama, buti lilimeza mkoba na mwavuli basi, na kila jioni lilidai chaji kama mtoto anayedai ziwa. Tena lilikuwa na sauti. Likienda polepole lilitoa mlio mwembamba, mrefu, kama mwanamke anayeimba huku amefumba mdomo. Watoto walipousikia waliacha mchezo wakakimbilia ndani.

"Sista," fundi viatu alimtania, misumari ikiwa midomoni, "gari lako limefiwa na nani?"

"Na mnunuzi, maana mimi silichukui!"

Hata baba yake alishtuka. "Mama, nani huyo anayelia nyuma ya ukuta?"

"Ni gari, baba."

"Lirudishe lilikotoka. Gari gani linatuomboleza tungali hai?"

La pili lilikuwa la buluu. Viti vyake vilikuwa laini, buti lake lilikuwa na nafasi ya kutosha, chaji moja ilimtosha siku tatu, na bei yake ilikuwa chini zaidi. Wala halikutoa hata mkwaruzo.

"Mbona hili halilii?" Sista aliuliza.

Muuzaji akacheka. "Yote huundwa yakiwa na spika mbele, dada, ili watembea kwa miguu wasikie. Kwao yanakotoka ni sheria. Mengine ya kuja huku, kama hili, wameyang'oa spika, bei ishuke. Huku nani atauliza?"

Huku nani atauliza! Ndivyo walivyotuletea pia mabasi yaliyokatwa mikanda ya viti. Waliosahau na wasahau. Kwao mguu wa mtu una sheria, kwetu una punguzo la bei. Naye Sista, ambaye alikuwa ameuliza, hakuuliza mara ya pili. Akalinunua.

Hapo mambo ya ajabu yakaanza. Paka aliyelala njiani hakuamka mpaka kivuli cha gari kilipomfunika. Wanawake waliosimama wakizungumza hawakugeuka. Alipita nyuma ya migongo yao, karibu kiasi cha kunusa mafuta ya nywele zao. Siku moja bibi mgonjwa, ambaye kitanda chake kilikuwa dirishani, alipiga ukelele alipomwona mlangoni.

"Umekuja na nini, Sista?"

"Na gari, bibi. Liko hapo chini ya dirisha lako."

Bibi akavuta shuka hadi kidevuni. "Sijasikia kitu. Ninayemjua anayekuja bila kusikika ni mmoja tu, na huyo hana haja ya kunipima presha."

Sista alicheka, lakini kicheko kilimkaukia njiani. Alianza kujiona kama mtu aliyekufa asiyejua kwamba amekufa: anapita, anaona, na hakuna anayemgeukia. Alishika simu ampigie muuzaji amrudishie spika. Akaiweka. Viti vilikuwa laini.

Alasiri moja alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Aliingia uchochoroni taratibu, akakata kona ya ukuta. Baba yake alikuwa amesimama ukingoni, ametega sikio, uso ameuelekeza kwenye gari moja kwa moja. Akatabasamu. Sista naye akatabasamu, akiamini ameonekana. Kisha mzee akashusha mguu njiani.

Mshindo ulimtoa fundi viatu dukani mwake, nyundo mkononi.

Hospitalini, nyonga ikiwa imefungwa, mzee alinong'ona, "Nilisikiliza, mama. Nilisikiliza vizuri. Njia ilikuwa tupu. Kilichonigonga si kitu cha dunia hii."

Sista akamwinamia. "Lilikuwa gari langu, baba. Nilijua halisikiki."

"Ulijua," mzee alisema, akaugeuzia ukuta uso wake.

Nyonga iliunga, lakini hakuvuka tena uchochoro ule. Alikaa ndani, mlango umefungwa, akisema masikio yake yamemsaliti. Hayakumsaliti. Walioing'oa spika walinyamaza, aliyejua akanyamaza, na gari likanyamaza kuwashinda wote. Na kimya kingi kina mshindo mkubwa.