Mkia wa Mbwa Ulivyopata Maneno

Zamani hizo mkia wa mbwa haukuwa na kazi, ulining'inia tu nyuma yake. Mbwa alisema kwa kinywa kama mimi na wewe, ila yeye, masikini, hakujua kuficha neno.

Katika vilima vya Taita aliishi mjane aliyeitwa Mghoi, na mbwa wake Kijivu. Mwaka ule njaa ilipiga hodi kila nyumba. Mghoi alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama, akakificha darini juu ya meko, maana mbegu ikiliwa, mwakani hakuna shamba. Lakini mila ilikuwa hii: mgeni akiomba chakula nawe unacho, humnyimi. Wageni walipokuja wakauliza, Mghoi alitazama chini. Wakamgeukia mbwa, naye akajibu kwamba darini kuna kibuyu. Mbegu zikapikwa, zikaliwa zote.

Mghoi alilia sana. Wala si nyumba yake peke yake iliyoponzwa na mbwa, kwa hiyo wazee wakaamua mbwa wote wafukuzwe porini, wakaliwe na chui. Kijivu akaja kujilaza miguuni pa Mghoi.

"Sikutaka kukuumiza, mama. Niliulizwa."

"Najua, mwanangu. Lakini ulimi wako utatumaliza."

Mghoi akaenda kumwombea kwa wazee. Wakakubali kwa sharti moja: Kijivu na kizazi chake wayameze maneno yao, wasiseme tena. Kijivu akayameza. Yakashuka kooni yakitafuta pa kukaa. Mengine yakaingia masikioni, mengi yakateremka mgongoni hadi mkiani, yakasongamana huko.

Kesho yake Mghoi alirudi kutoka kuchimba mizizi, moyo mzito. Alihofu kwamba mbwa amemchukia kwa kumnyamazisha, na sasa hata akimuuliza hatajibiwa. Kijivu akamwona toka mbali. Masikio yakalala nyuma, kiuno kikajipinda, mkia ukapiga huku na huku hadi ukamwangusha kuku. Mghoi akaketi palepale njiani, akamkumbatia. Alikuwa ameelewa kila neno.

Mbwa wote wa leo ni kizazi cha Kijivu, na tangu siku hiyo mbwa akiogopa hufyata mkia, akifurahi huutikisa, na mpaka leo hajajifunza uongo. Anatuambia yote, nasi tunasema mbwa hasemi.