Isale la Sebuleni

Wapendwa, leo nataka niwape habari za bwana mmoja na chungu chake cha maua. Msinitazame hivyo. Najua mmekuja kanisani, hamkuja kwenye semina ya bustani. Nivumilieni, tutafika.

Bwana huyu alikuwa mtu wa Kilimanjaro anayeishi Dar es Salaam. Ana kazi nzuri na nyumba nzuri, na sebuleni, pembeni mwa kochi, ana chungu, na ndani ya chungu ameotesha isale. Naona Wachaga mmeshaanza kutabasamu. Wengine niwaeleze: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Huko mlimani ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalipiga fundo, unampelekea. Hotuba haihitajiki. Akiliona mkononi mwako anajua umekuja kuomba msamaha, na ni vigumu sana akufukuze.

Na bwana yule alikuwa na mtu wa kumpelekea. Siku ya kumzika baba yao, mbele za waombolezaji, alimgeukia mdogo wake, yule kitindamimba aliyebaki nyumbani kumuuguza mzee, akamwambia: "Wewe ulikuwa unasubiri tu afe, urithi kihamba." Kihamba ndilo shamba la nyumbani, na kwa desturi ya kwetu anayelirithi ni mtoto wa mwisho. Jamani! Mtu amemwogesha baba, amemlisha uji kwa kijiko, halafu unamwambia hivyo kaburi bado liko wazi? Mdogo mtu aliweka koleo chini akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Krismasi watu wote wanapanda mlimani, bwana wetu anabaki mjini, eti kazi zimembana. Kazi gani hiyo ya sikukuu?

Lakini moyo ulimsuta. Siku aliyoondoka msibani aling'oa isale changa pale mpakani, akaja nalo mjini. Alijiambia, "Likistawi likatoa jani zuri, lisilo na doa, nitampelekea mdogo wangu."

Basi isale likagoma kustawi. Ncha za majani zinageuka kahawia, jani linajikunja, linaanguka. Kwa nini? Kwa sababu bwana alikuwa msafi. Nawasema wale wasafi wa kupitiliza, na wengine wako hapa hapa, mabenchi ya mbele, sitaji mtu. Kila asubuhi anaokota jani lililoanguka, anatupa kwenye ndoo ya taka. Juu ya udongo hakuna hata unyasi. Feni nayo inavuma hapo mchana kutwa. Udongo ukakauka, ukawa mgumu kama sakafu. Akimwagilia, maji yanakimbilia pembeni na kutokea chini kwenye kisahani, mizizi inabaki na kiu yake.

Na huyu ni mtu wa migombani! Amekua akitandaza majani makavu ya migomba chini ya kahawa kabla ya kwenda shule. Mwonyeshe mti wa kahawa ulioachwa shina wazi kwenye jua la Januari, atamgombeza mwenye shamba. Lakini kwenye chungu chake mwenyewe, ujuzi wote huo aliuacha mlangoni pamoja na viatu.

Ndipo mama yake akashuka mjini kutibiwa macho. Akaketi kochini, akapapasa udongo wa chungu, akashtuka.

"Mwanangu, hili isale umelivua nguo kwa nini?"

"Mama, hii ni sebule. Wageni wanaingia. Nikiacha takataka humu nitafuga mende."

"Takataka? Majani yake mwenyewe ndiyo unayaita takataka? Hayo ndiyo blanketi lake, na yakioza ndiyo chakula chake. Unampokonya mtu sahani, halafu unashangaa kakonda! Na kwanza unalifuga la nini?"

Bwana akainama.

"La mdogo wangu, mama. Nasubiri jani zuri."

Yule mama akalia. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hofu, akasema, "Baba, daktari ameniambia macho haya yanazimika taratibu. Nataka niwaone mmekaa meza moja wakati bado naona. Fanya haraka."

Bwana hakungoja asubuhi. Alichambua majani makavu yaliyokuwa bado kwenye ndoo, akaongeza mengine ya mti wa nje, akayakatakata, akayatandaza juu ya udongo, akiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaoza. Akamwagilia polepole. Mende hawakuja. Unyevu ulikaa, udongo ukalainika, na muda si mrefu katikati ya isale kikachomoza kichwa cha jani jipya. Bwana aliruka pale sebuleni mkewe akadhani ameumwa na nge.

Desemba ilipofika akalichuma, akalipiga fundo, akamshika mama mkono, wakapanda mlimani.

Walimkuta mdogo mtu akikata majani ya ng'ombe. Mkubwa, na mjue ni mkubwa huyu, akanyoosha isale kwa mikono miwili mbele ya mdogo wake. Mdogo akaweka panga chini, akalipokea, akaligeuzageuza.

"Limependeza, kaka. Umelitoa wapi?"

"Hapo mpakani, siku tuliyomzika baba. Nimelilea ndani. Lilikuwa linaangusha majani kila siku, ndiyo maana nimechelewa."

"Hayo yaliyoanguka uliyafanyaje?"

"Niliyatupa. Yalikuwa makavu."

Mdogo akamtazama, machozi yakamlengalenga.

"Kaka, ungeniletea hata moja katika hayo. Ningelipokea."

Wakakumbatiana pale pale, nyasi zimewajaa nguoni. Na mama alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yalikuwa bado yanaona.

Mmesikia, wapendwa? Jani la msamaha alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, akalitia kwenye ndoo ya taka kila asubuhi! Na sisi je? Tunasema, nitaenda kwa mke wangu nikipata maneno mazuri. Nitarudi kwa Mungu nikishajirekebisha. Machozi yetu, aibu zetu, ule msamaha wa kigugumizi, tunavifagia haraka wageni wasivione. Kumbe hivyo hivyo vikavu ndivyo Mungu anavitandaza juu ya mioyo yetu migumu hadi ilainike, hadi kitu kichipue. Nasema kitachipua. Nimewaona wengi humu ndani wakichipua.

Sasa kwaya, msisimame kwanza. Kuna ndugu wawili humu, mmoja kakaa kulia na mwingine kushoto, nao wanajua kwa nini hawakai benchi moja. Mama yao yupo katikati. Siwataji. Wimbo ukianza, mmoja wenu avuke hiyo njia ya katikati na alichonacho. Mwenzako atalipokea jani lako, hata likiwa kavu.