Kwa Nini Mwenye Mbwa Husimama Mpakani

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana habari hii haipendi kukatizwa.

Zamani, kabla shingo ya mbwa haijajua kamba, mbwa ndiye aliyebeba salamu. Mtu akienda kwa jirani, mbwa wake alitangulia uani, na mwenyeji akimwona tu aliinjika maji ya uji, akijua mgeni yuko nyuma. Kumzuia mbwa kulikuwa kumzuia mwenyewe. Ndivyo walivyoishi watu wa mlimani, wala hawakuona ubaya.

Huko aliishi Mkamburi, mjane msusi wa vikapu, na jirani yake Mwakio, rafiki wa marehemu mumewe. Mfereji mwembamba tu uligawa mashamba yao. Kila asubuhi Mwakio alipita kumjulia hali, mbwa wake Chui akiwa mbele. Mkamburi hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu. Salamu ile ndiyo iliyomtoa kitandani.

Msimu mmoja mbwa wa Mkamburi, Kijivu, akazaa watoto wanne chini ya ghala. Mkamburi akavuka mfereji kwenda kuomba.

"Shemeji, Kijivu ana watoto, amekuwa mkali. Nakuomba umshike Chui siku hizi chache."

Mwakio akakunja uso. "Nimshike? Nimekukosea nini hata ukatae salamu yangu? Chui hajawahi kugusa hata kuku wa mtu."

"Salamu sijaikataa, shemeji. Nimekuomba umshike tu."

Mwakio akacheka, kicheko cha mtu aliyeumia asiyetaka ijulikane. Kesho yake, ili kuonyesha kwamba hana kinyongo, akamwacha Chui atangulie kama kawaida. Jamani, wema mwingine huu!

Chui aliingia akitikisa mkia. Kijivu hakungoja kujua mkia ule unasema nini, akamrukia. Mkamburi, aliyekuwa akisuka, akatupa kikapu na kuingiza mkono kati yao. Ni meno ya yupi yaliyomkata, hakuna aliyejua. Mwakio alipofika akihema, Kijivu alikuwa amekata roho kando ya watoto wake, na mkono wa kulia wa Mkamburi ulichuruzika damu. Jeraha lilipona, lakini vidole havikukunjika tena. Hakusuka tena maisha yake yote.

Mwakio alilia mbele yake. Mkamburi akamwambia neno moja tu, "Niache," kisha akakitupa mferejini kile kikapu ambacho hakukimaliza.

Mwakio akakiokota. Akafumua nyuzi zake, akasokota kamba, akamfunga Chui shingoni. Asubuhi iliyofuata alisimama ng'ambo ya mfereji, kamba ameizungusha mkononi mara mbili, akaita, "Nimemshika, shemeji!" Akasubiri.

Mkamburi alimsikia. Alitaka kujibu, tena alitaka sana, lakini akiutazama mkono wake hasira ilimrudia. Nitamjibu kesho, akasema moyoni. Masika yakapita, vuli ikapita. Kila asubuhi Mwakio aliita, akasubiri mpaka jua likaunguza, akarudi kwake. Na kila asubuhi Mkamburi alisema kesho.

Siku moja sauti haikuja. Mkamburi akakaa, akasikiliza, akashindwa, akatoka. Chui alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji, kamba ikiburuta matopeni. Hakuvuka. Nyuma yake njia ilikuwa tupu, na nyumbani kwa Mwakio hakukuwa na moshi.

"Pita," Mkamburi akasema. Akarudia kwa kilio, "Pita, shemeji, pita!" Watu wa mashamba ya mbali walimsikia. Aliyestahili kusikia hakusikia.

Na tangu siku hiyo, mwenye mbwa akifika mpakani pa jirani huzungusha kamba mkononi mara mbili na kuita, "Nimemshika!" Jirani, hata kama wamenuniana tangu mwaka juzi, huacha alichoshika akajibu upesi, "Pita!" Hangoji kesho. Na mbwa aliyefungwa kamba, akifika hapo, husimama kwanza, akageuka kutazama kama bado kuna mtu nyuma yake.