Kufuli la Sikudhani

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe si ya wafalme wala majini, ni zamani ya kompyuta, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Chuoni hapo palikuwa na somo moja la mwaka wa kwanza lililowanyima watu usingizi: usalama wa data. Lilifundishwa na Dokta Nambua, mama wa Kipare, mfupi, asiyecheka darasani. Alifundisha kufunga maneno. Unachukua sentensi inayosomeka, unaipitisha kwenye hesabu pamoja na neno lako la siri, inatoka takataka tupu. Mwenye neno la siri ataifungua. Asiye nalo atakaa kuitazama mpaka achoke.

Muhula ulipokaribia kwisha, Dokta akasema, "Kila mmoja aandike sentensi za kweli juu yake mwenyewe, azifunge, aziweke kwenye ukurasa wa darasa tuzione wote. Halafu jaribuni kufungua za wenzenu. Ukifungua, njoo uniambie umefunguaje, nikupe alama. Na atakayetunza siri vizuri kuliko wote, huyo nitamkabidhi funguo za maabara. Atakuwa msaidizi wangu mpaka amalize chuo."

"Kweli kweli, Dokta?" wakauliza.

"Kweli inayouma. Mkiandika uongo mtafunga kizembe."

Basi wakaandika. Mmoja akaandika kwamba bado analala na taa. Mwingine akaandika kwamba anamwogopa shemeji yake. Mambo ya kuchekesha tu. Lakini alikuwapo msichana aitwaye Sikudhani, mtiifu kupita kiasi, na huyo akaandika hivi: "Mimi si Sikudhani. Sikudhani alikuwa dada yangu. Alifaulu darasa la saba, akafariki kabla ya kwenda sekondari, nami nikaenda kwa jina lake."

Mnauona uzito wake? Vyeti vyote alivyonavyo vina jina la marehemu. Chuo kikijua, anafungasha virago siku hiyo hiyo. Sasa mtu mwenye akili timamu anaandikaje kitu kama hicho? Mimi nimemlaumu mpaka nimechoka. Labda alikuwa amekibeba tangu utotoni pasipo pa kukitua, na hapa ameambiwa kuna mahali pa kukiweka pasipofunguka.

Neno la siri akaweka jina lake la kuzaliwa, Havintishi. Akajiambia, "Hapa chuoni nani analijua?" Kweli hakuna aliyelijua, ila jina la mtu husikika, na hukisiwa. Hapo ndipo alipokosea.

Wa kwanza kulikaribia kufuli lile alikuwa Chausiku, aliyelala naye chumba kimoja hosteli. Simu ya Sikudhani ilikuwa mbovu, husikii kitu mpaka uiweke sauti ya wazi. Mama yake akapiga kutoka nyumbani, akasema kwa sauti ya watu wa mashambani, "Havintishi mwanangu, umekula?" Chausiku alikuwa kitanda cha juu, amejifunika, akasikia. Akaanza kuwaza. Jina ambalo mwenzangu hajawahi kunitajia, litakuwa neno la siri hilo, litakuwa nini tena?

Na Chausiku alikuwa na shida. Mtihani wa katikati alifeli vibaya, bila alama hizo angerudia mwaka. Kompyuta ilikuwa mapajani. Alichotakiwa ni kuandika jina lile tu. Hakuliandika. Aliizima kompyuta, akageukia ukutani, akalala.

Wa pili alikuwa Mwijage. Huyu mnamjua, kila darasa lina wake: anatangaza alama zake kabla karatasi hazijarudishwa. Akakusanya majina yote ya watu aliyoweza kuyapata, ya Pwani, ya Bara, ya kale na ya sasa, akaiachia kompyuta iyajaribu moja moja. Kwa majigambo yake akawagawia na wenzake majina yale yale, akisema, "Haya wanangu, tuone nani ataanza." Bila shaka akaanza yeye. Kompyuta ikafika Havintishi, na kufuli likafunguka.

Akasoma. Akasoma tena. Akaenda ofisini kwa Dokta, akasimama mlangoni.

"Dokta, ya Sikudhani imenishinda."

"Imekushinda wewe, Mwijage?"

"Imenishinda."

Habari ikafika darasani, darasa zima likamcheka. "Leo kapatikana!" Naye akawaacha wacheke.

Wa tatu alikuwa Lwitiko, kiongozi wa darasa, aliyekabidhiwa kuusimamia ule ukurasa wa darasa. Mwijage alipokuwa bado anasoma maabara, yeye alipita nyuma yake akayaona maneno kwenye kioo kabla mwenzake hajayafunga. Akashtuka. Maana alijua jambo ambalo Mwijage alilisahau kwa hofu: kompyuta za wale wenzake bado zilikuwa zinahangaika na majina yale yale, na zilishafika herufi G. Lwitiko akaingia kwenye ukurasa, akayaondoa maandishi ya Sikudhani, akaweka yake mahali pale pale: "Naogopa kuku." Akayafunga kwa neno refu la hovyo ambalo hata yeye hakulikumbuka tena. Kisha akamfuata Sikudhani njiani.

"Dada, kufuli lako limefunguliwa. Nimebadilisha. Usiniulize kitu."

Sikudhani akakaa chini palepale kwenye nyasi, akalia.

Siku ya majibu ikafika. Dokta Nambua akasoma matokeo: siri ya nani imefunguliwa, na nani kafungua. Zote zilikuwa zimefunguliwa isipokuwa moja.

"Sikudhani, funguo za maabara ni zako."

Wakampigia makofi. Sikudhani akasimama.

"Siwezi kuzipokea, Dokta. Langu lilifunguliwa. Kuna mtu kanificha."

Darasa likaingia ubaridi. Dokta hakupandisha sauti. Akasema wanaojijua wamfuate ofisini pamoja na msichana huyu. Akaenda na kukaa. Akaingia Lwitiko. Akaingia Mwijage. Na wa mwisho, Chausiku, wenzake wakimshangaa.

"Kabla hamjafungua midomo," Dokta akasema, "mlichokisoma kibaki huko huko. Mimi nimeajiriwa na chuo. Nikikijua, na kama ni kibaya, nitalazimika kukisema. Niambieni mlichofanya tu."

Lwitiko akaanza, akaeleza alivyoyaona maneno kwenye kioo cha Mwijage na alivyoyabadilisha. Mwijage akasema, "Mimi nilifungua kihalali, kama ulivyotuagiza. Alama zilikuwa zangu. Nikasema imenishinda, nikachekwa, na nilikuwa sijawahi kuchekwa. Aliyekijua kitu chote akakaa nacho kimya ni mimi."

Chausiku akasema, "Wewe na Lwitiko mmesoma. Mimi neno la siri nilikuwa nalo kabla yenu, na ndani mna nini sikijui mpaka leo. Na mwaka ninarudia. Siri inatunzwa vipi zaidi ya hapo?"

"Ulikuwa nalo ukalala nalo!" Mwijage akamrukia. "Ungemwambia mwenzako abadilishe, nisingeingia mimi wala mwingine."

"Ningemwambia nimesikiliza simu ya mama yake? Na wewe uliyegawa majina kama njugu, je?"

Lwitiko akasema, "Semeni yote. Mngenyamaza nyote wawili vizuri kabisa, na kesho yake darasa zima lingekuwa limesoma. Ukimya wenu haukuzuia kitu. Nilizuia mimi."

"Ulizuia kwa kubadilisha maandishi ya mtu bila ruhusa yake," Chausiku akasema. "Kitu cha kwanza kabisa Dokta alichotukataza. Leo umebadilisha kwa wema. Kesho ukipewa funguo za maabara utabadilisha nini?"



Dokta Nambua akatoa funguo kwenye droo, akaziweka mbele ya Sikudhani.

"Wewe umezikataa, na sitakulazimisha. Lakini siri ilikuwa yako, basi uchague wewe. Utaratibu wa kukabidhi funguo hapa unaujua: unataja jina lako kwanza, jina lako kamili, halafu unataja la unayempa."

Msichana akazishika funguo. Wale watatu wakaacha kubishana. Hata Chausiku, asiyejua kitu, alijua jina moja, naye akainamisha kichwa. Dokta akangoja, mikono mezani.

"Mimi," msichana akaanza, "mimi naitwa..."

Jina hilo la kwanza mwachieni mwenyewe, halituhusu. La pili ndilo linalotugombanisha. Yuko Mwijage, aliyesoma yote akasema imemshinda. Yuko Chausiku, aliyekuwa na neno mkononi asilijaribu. Yuko Lwitiko, aliyevunja sheria ya somo ili siri isitoke. Na wewe uliyenyoosha kidole tangu mwanzo, unayetaka zirudi kwa msichana mwenyewe kwa kuwa alikataa asichostahili, haya, nawe sema, ila umjibu na Chausiku anayerudia mwaka.

Je, nani alistahili kukabidhiwa funguo?