Jiwe la Kamba katika Bustani ya Mzee Hirano

Jiwe la kamba halikujifunga. Mmeisikia methali hiyo leo kwa jirani yetu Bi Tatu, mkacheka njia nzima. Jiwe gani hilo, mkaulizana, na nani kasema mawe hujifunga kamba? Basi sogezeni jiko la mkaa karibu, maana baridi ya huku Lushoto haina simile, mkae mnisikilize. Methali hii si ya wahenga wa kale sana. Ilianza hapa hapa kwetu, na ilianza hivi.

Katika bonde la Kwemhando, huku juu milimani, aliishi Mjapani mmoja aliyeitwa Hirano. Alikuja akiwa kijana kutunza mashamba ya miti ya kwinini. Mashamba yakafa, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwa kuwa alikuwa ameoa. Mkewe alikuwa Msambaa, Kibibi binti Shekolowa, mwanamke aliyecheka kwa sauti hata msikitini wakamjua. Watu walimwita mumewe Mzee Hirano kabla mvi hazijamtoka, kwa upole wake.

Nyuma ya nyumba yao Hirano alitengeneza bustani ya kwao Japani. Watu wa bonde walikwenda kuitazama, wakarudi wakitikisa vichwa. Haikuwa na mgomba wala shina la maharage. Ilikuwa na bwawa ambalo samaki wake hawakuliwa, misonobari iliyopogolewa mpaka ikafanana na wazee waliopinda migongo, taa ya jiwe isiyowashwa, na kokoto nyeupe zilizopigwa reki mistari mirefu. "Bustani isiyoliwa," wakaiita.

Lakini mtu akikaa humo akanyamaza, taratibu alielewa. Kilima kidogo kilichokuwa humo, kilichovaa kuvumwani, ule ujani laini wa mawe yenye unyevu, kilikuwa mlima. Kokoto zilikuwa mto. Bwawa lilikuwa bahari. Mzee Hirano alikuwa ameikunja nchi yake nzima kama kitenge, akaiweka uani.

Kibibi alifariki kwa homa. Mwaka ule ule Mzee Hirano akaanza kufungua lango kila Jumapili ili mtu yeyote aingie atembee. Sharti lilikuwa moja tu. Kwenye njia ya mawe ya kukanyagia, mwisho kabisa ambapo miti ya mwitu inaanza, palikuwa na jiwe dogo la mviringo, limefungwa kamba nyeusi kwa kukingama, na fundo juu. Ukifika pale, urudi. Pale hapakuwa na ukuta wala uzio. Lilikuwa jiwe tu, na hata kuku angelivuka.

Sasa, mjini alikuwako fundi cherehani aliyeitwa Mwajabu binti Kupaza. Huyu mama yake alikufa Mlalo wakati wa masika, kilima kilipoporomoka na kuifunika nyumba. Siku hiyo Mwajabu alikuwa ametumwa dukani, na mdogo wake Singano alikuwa mgongoni kwake, amembeba kwa kanga. Ndiyo maana walipona. Tangu siku hiyo Mwajabu ndiye aliyekuwa mama na baba. Alimlea Singano, akamsomesha, akamwona anakwenda Tanga kufanya kazi bandarini na kurudi mwanamume mzima, mcheshi, asiyeogopa kitu. Wiki ya harusi ya Singano ilipofika, kijana akasema, "Dada, watu wote wameiona hiyo bustani ya Mjapani isipokuwa sisi. Nitaoaje sijaiona?"

Wakaenda Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, ukipita kati ya misonobari polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Walimkuta Mzee Hirano amepiga magoti mbele ya lile jiwe, anakaza fundo. Kila alipolikaza, lililegea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kisambaa, kwa kuwa alifundishwa na mkewe.

Singano akachungulia ng'ambo ya jiwe. Njia iliendelea. Mawe ya kukanyagia yalipinda yakapotea kwenye ukungu.

"Huko kuna nini, mzee?"

"Kuna bustani."

"Kama hii?"

"Nzuri kuliko hii."

"Kumbe! Nayo uliitengeneza lini?"

Mzee Hirano akainuka, akapangusa magoti. "Mimi niliishia hapa," akasema. "Ile si mimi." Kisha akaenda ndani kuwatengenezea chai.

Singano akacheka, lakini Mwajabu hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Karibu na bwawa kulikuwa na kipande cha mwanzi kilichokingwa chini ya mfereji. Kilijaa maji, kikainama, kikayamwaga, kikarudi kugonga jiwe: ko! Alikuwa ameuzoea mlio huo tangu waingie. Sasa akagundua kwamba kila ulipolia, ng'ambo ya jiwe la kamba kitu kingine kilijibu, mbali, ndani ya ukungu: ko.

"Singano, turudi tukakae kibarazani."

"Dada, tazama kile kilima."

Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Akatazama. Kilikuwa kilima cha bustani, kimefunikwa kuvumwani, kimo chake hakizidi kiuno cha mtu. Lakini ubavuni kilikuwa na pengo, na juu ya pengo mwamba uliochomoza kama kidevu. Hakuna mtu aliyezaliwa Mlalo upande wao ambaye asingekijua kilima kile. Ndicho kilichoporomoka. Na pale kilikuwa kizima. Chini yake, mahali pake pa zamani, palikuwa na nyumba ndogo kama kikapu cha mayai, ya udongo, mlango wake mwekundu. Moshi mwembamba kama uzi ulikuwa unatoka paani.

"Ni kwetu," Singano akasema.

"Wewe hupajui kwetu. Ulikuwa mtoto wa mgongoni."

"Ni kwetu, dada." Akainua mguu akalivuka jiwe, kama mtu anavyovuka kizingiti cha nyumba yake.

Mwajabu alimwita. Hakugeuka. Alikanyaga jiwe la kwanza, la pili, na dada yake akaanza kuona jambo ambalo macho yake yalikataa. Mtu akienda mbali huonekana mdogo. Hilo tunalijua wote. Lakini Singano hakuwa ameenda mbali. Alikuwa pale pale, karibu kiasi cha kumrushia kanga ikamgusa, na tayari alikuwa na kimo cha mtoto. Hatua chache zaidi, akawa kama jogoo. Majani ya makangaga ya msituni yalimpita kichwa. Aliendelea kutembea bila wasiwasi, akipunga mikono, kuelekea kwenye mlango mwekundu.

"Singano! Singano, mwana wa mama!"

Hapo akageuka. Sauti yake ilikuwa kama ya nyenje. "Njoo, dada! Mama anasonga bada!"

Na harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya bada, ugali wetu ule wa unga wa muhogo, na ya kuni mbichi, na ya mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka mama yao. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, tulivu, ikatoka ndani ya nyumba ile ikaita jina ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyelijua. "Mwaja. We, Mwaja. Mbona umechelewa hivyo dukani?"

Mwajabu akainua mguu. Alikuwa hafikirii kitu. Alikuwa anafikiri tu kwamba kweli amechelewa.

Nyuma yake vikombe vikaanguka vikavunjika. Mkono ukamkamata kanga ukamvuta mpaka akaanguka chali.

"Umeona nyumba ya nani?" Mzee Hirano akauliza. Alikuwa anahema.

"Ya mama yangu. Mdogo wangu ameingia. Niache! Mama yumo mle!"

"Najua yumo. Na wangu yumo." Mzee akamshika mabega. "Nisikilize, mwanangu. Nilipomzika Kibibi, nilitengeneza njia hii mpaka hapa, nikachoka, nikaweka chini jembe. Asubuhi moja nikakuta njia imeendelea yenyewe. Nikatazama, nikauona mlima wa kwetu wenye theluji, na chini yake nyumba hii hii ya Kwemhando, na Kibibi mlangoni anacheka. Unadhani nafunga jiwe hili kwa ajili ya wageni? Kila asubuhi fundo nalikuta limefunguka, na kila asubuhi miguu yangu inataka kupita. Nalifunga kwa ajili ya miguu hii."

"Na Singano?"

"Mpaka mlangoni mtu anaweza kurudi. Akishaingia ndani, hapana."

Wakatazama wote wawili. Singano alikuwa uani kwa mama yake, kimo chake sasa hakifiki kidole. Alikuwa ameinama anavua viatu.

Mwajabu akajikusanya ili ainuke. Mzee Hirano alimtangulia. Alipiga magoti akafungua fundo, akaitoa ile kamba nyeusi kwenye jiwe na kuiweka kiganjani kwa Mwajabu, akamfumba vidole juu yake.

"Ukienda wewe, mtabaki wote. Mama ni wenu. Mimi simjui, hawezi kuniita. Akitoka mdogo wako, funga. Usinisubiri."

"Mzee, wewe utarudi?"

Alikuwa amekwisha kuvuka.

Mwajabu alimwona akitembea kwa haraka isiyo ya umri wake, akipungua, akipungua, mpaka akawa kama kipande cha kijiti cha kiberiti. Alimwona akifika uani. Alisikia makelele membamba kama ya wadudu wanaopigana ndani ya kibuyu. Mlango mwekundu ulikuwa wazi, na mkono wa mtu ulikuwa umetoka nje, umeshika bakuli. Mzee Hirano alimshika Singano kiunoni akamburura, akamgeuza, akamsukuma kwa nguvu zake zote. Kijana akajikwaa, akaja, huku analia, akikua kwa kila jiwe alilokanyaga, akawa jogoo, akawa mtoto, akawa mtu, akaanguka mapajani kwa dada yake bila viatu.

Mzee Hirano alikuwa bado amesimama uani. Labda alikuwa anavuta pumzi tu ili arudi. Lakini kutoka upande mwingine wa ukungu kikasikika kicheko. Mwajabu hakuwahi kumwona Kibibi binti Shekolowa akiwa hai, ila kicheko kile bonde zima lilikuwa limekisimulia. Mzee akakigeukia. Akainua mkono mmoja kwa Mwajabu, mkono mwembamba kama uzi wa cherehani, kisha akashika njia nyingine, si ya kwa mama yao. Akapanda mahali palipokuwa peupe kwa theluji.

Mlangoni yule mama akaita tena, sasa kwa huzuni. "Mwaja. Hata salamu?"

Mwajabu alikuwa na kamba mkononi. Alijua kwamba akifunga atakuwa amewafungia wawili. Singano alikuwa amemng'ang'ania shingoni kama siku ile ya masika. Akalivuta jiwe, akapitisha kamba huku na huku, machozi yanamziba macho, akakaza fundo. Alipoinua kichwa, hapakuwa na njia. Palikuwa na makangaga yaliyolowa, magogo yaliyooza, na mwitu.

Walimtafuta Mzee Hirano, watu wa bonde zima na mbwa wao, hadi upande wa pili wa msitu. Hakuonekana. Viatu vya Singano navyo havikuonekana.

Harusi ilifanyika. Asubuhi yake Mwajabu alimvalisha mdogo wake koti alilomshonea mwenyewe, alilompima kwa mikono yake juma lililotangulia, na mikono ya koti ikafunika vidole vya bwana harusi. Mabega yakaning'inia. Wageni wakasema fundi safari hii kakosea. Mwajabu akachukua sindano akapunguza. Singano aliishi, akazaa, akacheka tena. Lakini kila aliposikia harufu ya bada ikisongwa, alisimama akatoka nje, akazunguka nyumba mpaka chakula kikaisha.

Na Mwajabu akahamisha cherehani yake Kwemhando. Watu walishangaa: mwanamke peke yake, kwenye bustani isiyoliwa, anafuata nini? Kila asubuhi alikwenda mwisho wa njia, akakuta fundo limefunguka, akalifunga. Kila asubuhi alisikia akiitwa. Baadhi ya siku alifunga haraka. Siku nyingine alikaa pale muda mrefu, kamba mapajani.

Jumapili moja alikuja mgeni, bwana mnene mwenye kofia, pamoja na familia yake. Akafika kwenye jiwe, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Hiki nacho ni kizuizi?" akasema. "Mama, nani atarudishwa na kijiwe kama hiki? Mimi nikitaka napita."

"Utapita, baba," Mwajabu akamjibu. "Halina nguvu ya kumzuia mtu. Lakini kabla hujainua mguu, utazame hilo fundo. Jiwe la kamba halikujifunga. Yupo aliyelifunga, na siku alipolifunga alikuwa na mtu wake upande ule."

Yule bwana akatazama fundo. Akamtazama Mwajabu usoni. Kisha akavua kofia, akawashika watoto wake mikono, akarudi nao kwenye bwawa.

Watu waliokuwapo walikwenda na maneno yale sokoni, kutoka sokoni yakashuka Mombo, na kutoka Mombo yakaenea nchi nzima. Wengi wanaoyasema leo hawakuwahi kumjua Mwajabu wala Mzee Hirano. Ila mkiona katazo dogo, limewekwa mahali bila ukuta wala askari, na miguu yenu ikaanza kutaka kupita, kumbukeni kwamba kuna mkono uliofika hapo kabla yenu, na haukufika bure. Jiwe la kamba, wanangu, halikujifunga.