Mtoto wa Tusekile Aitwe Nani?

Hapo zamani, na si zamani ya majitu wala ya wafalme, ni zamani ya juzijuzi ambayo waliokuwepo bado wanaisimulia, alikuwepo mwanamke mmoja wa milima ya Rungwe aitwaye Tusekile. Mume wake, Ambokile, alikuwa mkulima wa viazi, na walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto. Mimba ilipokuja waliificha hata kwa majirani, kwa hofu ya kuisema mapema. Nayo haikufika mwisho wake. Tusekile alipasuliwa, akazaliwa binti mdogo kiasi kwamba Ambokile, alipoonyeshwa, aliuliza kama ni mzima.

Alikuwa mzima, ila njiti. Mtoto njiti hawezi kujitunzia joto, na milima ile ni ya baridi na mvua. Wakamlaza katika sanduku la kioo lenye kupasha joto, mashine mpya iliyoletwa hospitalini muda si mrefu. Tusekile, kidonda bado kibichi na homa haijashuka, alilala chumba cha pili akiishi kwa habari alizoletewa.

Sasa mashine hiyo nayo ina habari zake, na nisipowaeleza hamtaelewa yaliyompata mtoto.

Ilitengenezwa katika karakana ndogo mjini Mbeya. Lusajo ndiye aliyeandika programu ya kupima joto na kuliongoza. Gwantwa, mwanamke mpole wa sauti lakini mgumu wa kukubali, ndiye aliyeijaribu.

Ndani ya mashine mna kompyuta ndogo, ndani ya kompyuta mna mfumo endeshi, na katikati ya mfumo endeshi kuna sehemu iitwayo kiini. Programu haijichukulii kitu. Ikitaka nafasi ya kumbukumbu, inakiomba kiini. Ikitaka kuandika kwenye kadi ya kuhifadhia taarifa, inakiomba kiini. Kiini kinaitika leo, kinaitika kesho, hadi mwandishi wa programu anasahau kwamba kinaweza kukataa.

Gwantwa hakusahau. Alitafuta njia ya kukifanya kiini kiseme uongo. Programu ikiomba nafasi, kiini kijibu: hakuna. Ikiomba kusoma, kijibu: imeshindikana. Hakuna kilichoharibika kweli. Nafasi ipo, kadi ni nzima. Ni jibu tu lililogeuzwa, aone programu itafanya nini siku itakapojibiwa hivyo kweli. Alitia kosa hapa, programu ikavumilia. Alitia kosa pale, ikavumilia. Akalitia kwenye kazi ya kuandika kwenye kadi, mahali vipimo vya joto vilipohifadhiwa, na programu ikaganda. Ilikaa ikisubiri kadi, na katika kusubiri huko haikulitazama joto tena. Kioo cha kusomea vipimo kiliendelea kuonyesha kwamba mambo ni salama. Mfuko wa maji uliolazwa ndani badala ya mtoto ulizidi kupashwa, mpaka Gwantwa alipougusa akaurudisha mkono haraka.

Lusajo alikasirika. Alisema kadi zile hazijawahi kukataa tangu waanze kazi, kwamba Gwantwa amebuni ugonjwa usiokuwepo duniani, na huku hospitali inapiga simu kila wiki kuiulizia mashine yake. Gwantwa hakubishana sana.

"Kaka Lusajo," alisema, "weka mkono wako juu ya huo mfuko, kisha uniambie niipitishe."

Akauweka.

Alichofanya Lusajo baada ya hapo si kidogo. Programu aliyojivunia aliibomoa, akaanza upya kutoka chini. Akaiandika isije ikakaa kusubiri jibu lisilokuja. Kiini kikikataa, mashine izime joto palepale, ipige kengele, na ionyeshe kwenye kioo kilichotokea. Maana mtoto aliyeanza kupoa mtu anaweza kumwahi, lakini aliyeungua ndani ya sanduku huku kioo kinasema yu salama, nani atajua? Kazi hiyo ilikula msimu mzima wa baridi. Gwantwa akayatia makosa yake yote upya, akalirudia lile la kadi mara nyingi kuliko mengine, na mashine ikazima na kulia kila alipolitia. Ndipo ikapelekwa Rungwe.

Basi mchana mmoja wa mvua, mtoto wa Tusekile amelala ndani yake, kadi ikafa. Safari hii haukuwa uongo wa Gwantwa. Joto likazimika, kengele ikalia.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Ikupa, naye alikuwa karibu kutoka. Siku hiyo mdogo wake wa kike alikuwa anaagwa kwa ajili ya ndoa, na kwa kuwa mama yao alikwisha fariki, Ikupa ndiye wa kusimama mahali pa mama. Wodi ile ina vifaa vingi vinavyolia ovyo, na wengi wamezoea kubonyeza kitufe na kuvinyamazisha. Ikupa hakubonyeza. Alisoma kioo. Mashine nyingine iliyo wazi haikuwepo, mama mtu alikuwa na homa, na muuguzi wa kumpokea alikuwa amekwama njiani kwa mvua. Ikupa alifungua vifungo vya sare yake, akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi.

Tusekile aliisikia kengele kupitia ukutani, akajua inatoka wapi. Alijikokota akishikilia ukuta, na kila hatua alijiandaa kukuta mtoto amefunikwa shuka. Alimkuta Sista ameketi, ameegemea nyuma, na kwenye kifua chake kichwa kidogo chenye kofia ya sufu.

"Yupo," Ikupa alimwambia. "Ana joto. Kaa hapa umsikie anavyopumua."

Tusekile alikaa sakafuni, akaushika mguu wa yule muuguzi, akalia bila sauti. Simu ya Ikupa iliita mfukoni, ikanyamaza, ikaita tena. Hakuipokea. Walikaa hivyo mpaka Lusajo na Gwantwa, waliopigiwa simu na hospitali, walipofika kutoka Mbeya na kadi mpya.

Mtoto alinenepa, akaruhusiwa. Tusekile akawaalika wote watatu nyumbani, akawapikia ndizi kwa nyama. Hadi siku hiyo binti hakuwa na jina, watu walimwita Kadogo tu, na ukoo wa Ambokile ulikuwa umemwachia mama achague. Akawaambia wageni kwamba kila akiamka huwashukuru, kwamba hana zawadi iliyo kubwa kuliko jina la huyu mtoto, na anataka aitwe kwa jina la aliyemwokoa. Tatizo lake ni kwamba yeye hajui ni yupi. Akawaomba waseme ukweli bila haya.

Lusajo akaanza. "Dada Gwantwa alionyesha kasoro, sikatai. Lakini mashine iliyozima joto siku ile ni ile niliyoiandika mimi, baada ya kubomoa kazi yangu mwenyewe."

Gwantwa akatabasamu. "Ungeiandika upya kwa sababu gani, kaka, na wewe uliapa kosa hilo halipo? Mimi nililileta kabla halijaja lenyewe, likaukuta mfuko wa maji badala ya mtoto."

Ikupa aliwashukuru wote wawili kwa kengele ile. "Ila kengele haina joto," akasema. "Iliita mtu, na mtu aliyeitika ni mimi. Mdogo wangu aliagwa bila mama na bila dada."

Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba msimu ule wa baridi, mashine ikikataliwa kule Mbeya, wao walikuwa wakipasha watoto kwa chupa za maji ya moto, na yuko mmoja ambaye hakupona, na sura yake haijamtoka. Gwantwa aliinamia sahani yake, asile. Aliyejibu alikuwa Lusajo, yule yule aliyegombana na Gwantwa. Alisema ingeletwa mapema ingeletwa na moto wake ndani, na nani angejua ingewachukua wangapi. Ikupa akaichukua sahani ya Gwantwa, akamwongezea nyama.

Tusekile aliwatazama. Aliwapenda wote kwa namna isiyogawanyika. Mama mkwe akaingia kutoka jikoni, akamnyanyua mtoto, akauliza amwite nani.

Haya, nanyi mmeketi nasi sebuleni kwa Tusekile. Mmoja alilitia kosa makusudi na akakataa kuipitisha mashine, hata gharama yake ilipokuwa kubwa. Mmoja alivunja alichokijenga akakijenga upya. Mmoja alitoa kifua chake na siku ya mdogo wake. Jina ni moja, na bibi anasubiri na mtoto mkononi. Je, nani alistahili?