Mnana na Nyasi Kumi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, msimalize sauti zote sasa. Bakizeni, tutazihitaji mbele. Paukwa?

Pakawa.

Hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale palikuwa na ndege, Mnana. Kazi yake kufuma. Na ada ya akina Mnana mnaijua? Dume hujenga nyumba kwanza, kisha mchumba huja kuikagua. Hutua mlangoni, huuma nyasi kwa mdomo, huvuta mara tatu. Nyumba ikishika, anaingia, wameoana. Ikifumuka, anaruka zake, na bwana harusi hana mke mwaka huo.

Mchumba wa Mnana alikuwa Bi Siti. Alisema, "Nitakuja mvua ya kwanza ikianguka." Na Mnana alimpenda Bi Siti, alimpenda hasa.

Basi homa ikamshika Mnana. Chafya, chafya, pua majimaji. Siku ya saba homa ikaondoka, lakini nguvu hazikurudi. Akiruka tawi moja tu, moyo du-du-du, miguu imelegea.

Jirani yake Chiriku, ambaye mdomo haumtulii, akasema, "Kumbe homa imekwenda, uvivu umebaki?"

Maneno hayo yakamchoma Mnana. Asubuhi moja akaamka mwepesi. Akasema, "Leo atanitambua." Fuma, fuma, fuma! Nyasi hamsini kabla ya adhuhuri, hamsini kabla ya jua kuchwa.

Kesho yake Mnana hakuinuka. Kesho kutwa hakuinuka. Siku tatu kalala kama tambara. Nanyi mjue, unyasi mbichi hushikwa na mbichi mwenziwe. Ukiachwa siku tatu unakauka, fundo linateleza. Upepo ukaja, fyuu! Nyumba chini, pwa.

Alipoinuka akafuma tena mia. Akalala siku nne. Fyuu! Pwa. Mawingu nayo yanajikusanya. Mnana akakaa akalia.

Tawi la juu alikuwako Kinyonga. Hatua, pumzika. Hatua, pumzika. Akauliza, "Mwanangu, unalia nini?"

"Shangazi, siku nikiwa mzima nafanya kazi. Kesho yake mimi maiti."

"Unaweza kufuma nyasi ngapi, na kesho ukaamka?"

Mnana akafikiri. "Labda kumi."

"Basi fuma kumi. Asubuhi tano, jioni tano."

"Na nikijisikia vizuri?"

"Kumi."

"Na Chiriku akinicheka?"

"Kumi. Chiriku ndiye utakayemwoa?"

Basi Mnana akaanza. Asubuhi tano, pumzika. Jioni tano, pumzika. Kesho yake akaamka. Kesho kutwa akaamka, unyasi mbichi ukashika mbichi mwenziwe. Chiriku akapita, "Kumi tu? Hata wanangu wangefuma zaidi." Mnana akakaza fundo la kumi, akapumzika.

Siku ya tano akajisikia mwepesi kweli. Akashika unyasi wa kumi na moja. Akautazama. Mbingu imekuwa nyeusi, Bi Siti yu njiani, na unyasi uko mdomoni. Akauweka chini. Jamani, kule kuuweka kulimuuma kuliko homa yenyewe.

Siku zikapita. Akajaribu kumi na mbili, akaamka salama, akabaki na kumi na mbili. Mlango ukaisha. Paa likaisha.

Tone la kwanza likaanguka, to! Bi Siti huyo, ametua mlangoni.

"Ndogo," akasema.

Akauma nyasi. Vuta ya kwanza. Mnana kafumba macho. Vuta ya pili. Vuta ya tatu, ya nguvu, mti mzima ukatikisika. Hakuna unyasi uliotoka.

"Ndogo, lakini imeshika." Akaingia.

Baada ya kitambo akatoa kichwa. "Bwana, mvua hiyo. Mbona huingii?"

"Nyasi za leo nimemaliza," Mnana akasema. "Napumzika kidogo, kisha naruka."

Bi Siti akacheka, akatoka, akakaa naye tawini, wakalowa wote wawili.

Basi, wadogo kwa wakubwa: aliyetoka kuugua asiitumie siku moja njema kula nguvu za siku tatu. Apumzike kabla hajachoka. Naye aliye mzima asimwite mvivu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Paukwa?

Pakawa!

Mnaona? Sauti bado mnazo. Haya, sasa pigeni kelele mtakavyo.